Sala ya Kutubu na Malipizi ya Dhambi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakatoliki

Maswali haya yametoka katika mafundisho ya wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa), katika vikundi vya sala, na katika mazungumzo ya pembeni baada ya Misa, pale mtu anapobaki nyuma kidogo ili wengine wasimsikie. Nimeanza na mepesi, nikamalizia na yale yanayowakosesha watu usingizi. Jibu likishatolewa mahali fulani, sikulirudia, nimekuelekeza huko.

## Mambo ya mwanzo

Sala ya Kutubu ni ipi?

Ni sala fupi ambayo mkosefu anamwambia Mungu kwamba anajuta na hataki kukosa tena. Wakatoliki wengi wanaosali kwa Kiswahili walifundishwa hii:

*Mungu wangu, nimetubu sana niliyokosa kwako, kwani ndiwe mwema, ndiwe mwenye kupendeza, wachukizwa na makosa. Basi, sitaki kukosa tena, nitafanya kitubio, naomba neema yako nipate kurudi. Amina.*

Tuliikariri utotoni tukaizoea mno, hata tunaipita mbio. Isome polepole leo. Inaanza na majuto, kisha inataja sababu yake, nayo ni wema wa Mungu. Adhabu haikutajwa kabisa. Halafu inaweka nia, inaahidi kitubio, na mwisho inaomba neema, kwa maana peke yetu hatuwezi. Neno ninalolipenda zaidi ni lile "kurudi". Mwana mpotevu wa Luka 15 alifanya hilo tu: aliondoka, akarudi kwa baba yake.

Toba, majuto, kitubio na malipizi ni kitu kimoja?

Ni ndugu wa nyumba moja, ila kila mmoja ana kazi yake. Toba ni mwendo mzima wa kugeuka kutoka katika dhambi na kumwelekea Mungu. Majuto ni uchungu wa moyo kwa ajili ya dhambi iliyotendwa, pamoja na kuikataa na kukusudia kutoirudia. Kitubio kina maana mbili: ni jina la sakramenti yenyewe (inayoitwa pia Upatanisho), na ni lile tendo au sala ambayo padre anakupa uitimize baada ya kuungama. Malipizi ni sala, sadaka au tendo la upendo la kutengeneza kilichoharibiwa na dhambi, iwe yako au ya wengine.

Ukichanganya majuto na malipizi utapata shida kubwa: utadhani msamaha unanunuliwa kwa wingi wa sala. Tazama swali la "Kristo amekwisha kulipa" hapo chini.

Ni lazima nitumie maneno yaliyoandikwa?

Hapana. Mtoza ushuru katika Luka 18 alisema tu, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi," akashuka nyumbani kwake amehesabiwa haki. Maneno ya kukariri ni msaada wa siku ambazo moyo umekauka au ulimi umefungwa na aibu. Ukiwa na ya kwako, sema ya kwako.

Kuna sala gani nyingine za kuomba msamaha?

Ya kwanza ni Baba Yetu: "utusamehe makosa yetu". Mtakatifu Augustino aliwafundisha waumini wake kwamba sala hii huponya makosa madogo ya kila siku.

Kisha zipo Zaburi saba za toba: 6, 32, 38, 51, 102, 130 na 143. Kama utachagua moja tu, chagua ya 51, "Ee Mungu, unirehemu, sawasawa na fadhili zako". Mapokeo yanaiweka kinywani mwa Daudi baada ya nabii Nathani kumfunulia kosa lake juu ya Bathsheba na Uria. Kanisa huisali kila Ijumaa katika Masifu ya Asubuhi, sala yake rasmi ya asubuhi. Zaburi ya 130, "toka vilindini nimekulilia", ni ya mtu aliyezama chini kabisa, na ndiyo maana inasaliwa pia kwa ajili ya marehemu.

## Sala na ungamo

Nikisali Sala ya Kutubu nyumbani, dhambi zangu zimeondolewa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake lina sehemu mbili.

Kwa dhambi nyepesi, ndiyo. Sala ya majuto ya kweli, tendo la upendo, Ekaristi, kusoma Maandiko kwa imani, hivyo vyote huziondoa. Kuziungama si lazima, ingawa Kanisa linahimiza sana.

Kwa dhambi ya mauti, yaani jambo zito, lililotendwa kwa kujua na kwa kukubali kwa hiari, njia ya kawaida ni Sakramenti ya Kitubio. Hapo Kanisa linatofautisha majuto ya namna mbili. Majuto kamili yanatokana na kumpenda Mungu kuliko vyote. Majuto yasiyo kamili yanatokana na ubaya wa dhambi au hofu ya adhabu; nayo ni zawadi ya Roho Mtakatifu, yanatosha kukuleta kwenye sakramenti, ila peke yake hayaondoi dhambi ya mauti. Majuto kamili huiondoa hata kabla ya kuungama, mradi yabebe nia thabiti ya kwenda kuungama mara nafasi itakapopatikana. Haya yamo katika Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1451 hadi 1453.

Kwa hiyo usingoje Jumamosi ya maungamo ndipo useme na Mungu. Umeanguka usiku? Tubu usiku huohuo. Kisha nenda ukaungame. Anayesali nyumbani ili akwepe kuungama hajawa na majuto kamili bado, maana ile nia imekosekana. Na kabla hajaungama, mwenye dhambi ya mauti asikaribie Komunyo, isipokuwa pana sababu nzito na hakuna nafasi ya kuungama.

Nitajuaje kama majuto yangu ni kamili?

Hutajua kwa hakika, na hudaiwi kujua. Fikiria mtoto aliyemdanganya mama yake. Anaweza kulia kwa sababu fimbo inakuja. Anaweza pia kulia kwa sababu ameona machozi ya mama. Mara nyingi vilio hivyo viwili vinachanganyika katika kifua kimoja, na hakuna mzani wa kuvitenganisha. Omba upewe kilio cha pili. Kutazama msalaba kimya kwa dakika kumi kumewasaidia watu wengi kuliko kujichunguza saa nzima.

Huku kutokuwa na hakika ndiko kunakofanya sakramenti iwe faraja: pale huhitaji kupima majuto yako. Unasikia kwa masikio yako, "Nami nakuondolea dhambi zako."

Kwa nini niungame kwa padre, naye ni mwenye dhambi kama mimi?

Ni kweli ni mwenye dhambi, naye huungama kwa padre mwenzake. Mamlaka si yake. Jioni ya siku ya Ufufuko Yesu aliwavuvia Mitume akasema, "Wowote mtakaowaondolea dhambi, wameondolewa, na wowote mtakaowafungia dhambi, wamefungiwa" (Yohane 20:23). Aliyepewa kazi ya kuondolea au kufungia hawezi kuifanya asipoambiwa kilichopo.

Ipo sababu nyingine, ambayo naiona kila mwaka kwa wanaoungama mara ya kwanza. Dhambi inayobaki kichwani inabadilika umbo kila siku. Leo ni kubwa mno, kesho ina visingizio. Ikitajwa kwa sauti mbele ya mtu, inabaki na umbo lake la kweli, na huko ndiko inakoachwa.

Mwanzoni mwa Misa tunasema "Namwungamia Mungu Mwenyezi". Haitoshi?

Inatusafisha na dhambi nyepesi na kutuandaa kwa Ekaristi. Haina nguvu ya Sakramenti ya Kitubio, kwa hiyo haichukui nafasi ya kuungama dhambi za mauti.

Niungame mara ngapi kwa mwaka?

Sheria ya Kanisa inamtaka kila aliyefikia umri wa kutambua mema na mabaya aungame dhambi zake nzito walau mara moja kwa mwaka. Agizo hilo liliwekwa na Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nne wa Laterano mwaka 1215. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Ushauri wangu ni kila mwezi, na mara moja ukianguka katika jambo zito.

Nikisahau Sala ya Kutubu mbele ya padre?

Mwambie, "Padre, nimesahau." Atakuongoza, au utasema kwa maneno yako. Watu hukaa miaka bila kuungama kwa sababu hii tu, na inaniuma, kwa kuwa ni kizuizi cha nusu dakika.

Padre anaweza kumwambia mtu nilichoungama?

Hawezi, kwa sababu yoyote, kwa neno wala kwa ishara, hata akitishiwa kuuawa. Padre anayeivunja siri hiyo moja kwa moja anajitenga na Kanisa kwa tendo lenyewe, na hukumu hiyo huondolewa na Kiti cha Kitume, yaani Roma kwa Papa, pekee. Hata kutumia alichokisikia kwa namna itakayokuumiza amekatazwa.

## Kitubio na malipizi

Kristo amekwisha kulipa msalabani. Mimi nalipa nini tena?

Hulipii msamaha. Msamaha ni wa bure kwako, na ulimgharimu yeye damu. Kama malipizi yangekuwa bei, hakuna binadamu ambaye angeimaliza.

Ila angalia dhambi inavyofanya kazi. Umemsingizia mwenzako, akapoteza heshima. Ukatubu, ukaungama, ukaondolewa dhambi. Je, heshima yake imerudi? Na wewe mwenyewe, ule wepesi wa ulimi umekwisha? Ondoleo linaifuta dhambi. Vidonda ilivyoviacha vinabaki, ndani yako na kwa wengine. Kuvitibu ndiko tunakokuita malipizi, na hata hapo si sisi tunaoanza: tunaungana na sadaka ya Kristo, naye anakipa kidogo chetu thamani. Mtume Paulo anasema katika Wakolosai 1:24 kwamba anayatimiliza mwilini mwake yaliyopungua ya mateso ya Kristo kwa ajili ya Kanisa. Mateso ya Bwana hayakukosa kitu. Sisi ndio tumepewa heshima ya kushiriki.

Anayependa hutaka kufanya kitu kwa ajili ya yule aliyemkosea, hata baada ya kuambiwa "nimekusamehe". Kwangu mimi hilo ndilo fundisho zima la malipizi.

Padre alinipa Salamu Maria tatu tu kwa dhambi kubwa. Inatosha?

Inatosha. Kitubio ni mwanzo wa kupona, na padre anaruhusiwa kukulegezea akiona hali yako. Ukitaka kuongeza kwa hiari, ongeza, lakini tatu hizo zisali kwanza, tena kwa moyo.

Nimesahau kutimiza kitubio. Dhambi zimerudi?

Hazijarudi. Kitimize ukikumbuka. Kama umesahau hata kilikuwa nini, au ni kigumu kuliko uwezo wako, mwambie padre katika ungamo lijalo, atakupa kingine. Kukiacha kwa makusudi ni kosa la kuungama.

Niliiba. Kusali kunatosha?

Hakutoshi. Kilichoibwa kinarudishwa. Zakayo hakuishia kufurahi kwamba Yesu ameingia nyumbani kwake. Aliahidi kurudisha mara nne. Kama kukirudisha mwenyewe kutakuletea hatari au aibu isiyo ya lazima, unaweza kukipitisha kwa namna ambayo haikutaji. Mwenye mali akiwa hajulikani au amefariki bila warithi, padre atakushauri ukipeleke kwa maskini. Kama huna uwezo sasa, nia ya kulipa pole pole inahesabika, mradi iwe nia kweli.

Ni vivyo hivyo kwa jina la mtu ulilolichafua: rudi kwa uliowaambia uwongo, useme ulidanganya. Hili ni gumu kuliko kurudisha fedha, na ndiyo maana wengi huliruka.

Kuna sala gani za malipizi?

Ibada ya Moyo Mtakatifu wa Yesu imejaa roho hii. Mtakatifu Margareta Maria Alacoque alipata maono yake huko Paray-le-Monial, Ufaransa, kati ya 1673 na 1675, na kutoka hapo tukapata desturi ya kupokea Komunyo ya malipizi Ijumaa tisa za kwanza za mwezi mfululizo. Mwaka 1928 Papa Pio XI aliandika waraka mzima juu ya wajibu wa kumfanyia malipizi Moyo huo.

Kutoka Fatima, Ureno, mwaka 1917, tumepata sala tunayoongeza baada ya kila fumbo la Rozari, "Ee Yesu wangu, utusamehe dhambi zetu", na baadaye ibada ya Jumamosi tano za kwanza kwa heshima ya Moyo Safi wa Maria. Rozari ya Huruma ya Mungu aliiandika Mtakatifu Faustina Kowalska huko Vilnius mwaka 1935. Ndani yake tunamtolea Baba Mwili na Damu ya Mwanae kwa malipizi ya dhambi zetu na za dunia nzima. Njia ya Msalaba usiisahau, hasa siku za Ijumaa, ambazo kwa Kanisa zima ni siku za toba mwaka mzima na si katika Kwaresima tu.

Usizibebe zote kwa pamoja. Nimeona watu wakichoka ndani ya wiki mbili wakaacha kila kitu.

Rehema kamili ni nini, na naipataje?

Rehema ni ondoleo la adhabu ya muda inayobaki baada ya dhambi yenyewe kusamehewa. Ni msaada wa Kanisa katika kutibu vile vidonda nilivyovitaja. Ili upate rehema kamili, timiza tendo lililowekewa rehema, kwa mfano kuabudu Sakramenti Kuu nusu saa, kusoma Biblia nusu saa, kufanya Njia ya Msalaba, au kusali Rozari kanisani au pamoja na familia. Pamoja na hilo: ungama, pokea Komunyo, sali kwa nia za Baba Mtakatifu (Baba Yetu na Salamu Maria zinatosha), na moyo wako usishikamane na dhambi yoyote, hata nyepesi. Sharti hili la mwisho ndilo zito. Likipungua, rehema inakuwa pungufu, yaani ya sehemu tu, lakini haipotei bure.

Rehema kamili ni moja kwa siku, na ungamo moja linatosha kwa rehema kadhaa.

Naweza kufanya malipizi kwa ajili ya mtu mwingine?

Ndiyo. Kwa aliye hai, unasali na kutoa sadaka ili apate neema ya kutubu. Kujuta kwa niaba yake huwezi, na rehema huwezi kumpa. Kwa marehemu walioko toharani, yaani wanaotakaswa kabla ya kuingia mbinguni, sala, Misa na rehema vyote vinawafaa. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, anayezuru makaburi na kuwaombea marehemu, kwa masharti yale yale, anaweza kuwapatia rehema kamili kila siku.

## Hali ngumu

Narudia dhambi ileile kila mara. Sala yangu ni unafiki?

Nia ya kutorudia na uhakika wa kutorudia ni vitu viwili. Petro alimaanisha aliposema hatamkana Bwana. Ukiwa kweli hutaki, majuto yako ni ya kweli hata kama unaogopa kwamba utaanguka. Ila chunguza mazingira: sala bila kuacha njia inayokupeleka kwenye kosa haitafika mbali. Ungama kwa padre mmoja kama unaweza, akujue na kukufuatilia.

Nilificha dhambi kwa aibu miaka mingi iliyopita. Sasa?

Kuficha dhambi ya mauti kwa makusudi kunalibatilisha ungamo, na maungamo yaliyofuata yanahitaji kurudiwa. Usiogope. Anza kwa kusema, "Padre, kuna jambo nilificha." Ukishasema hilo, sehemu ngumu imekwisha, yeye atauliza mengine. Kusahau ni tofauti kabisa: dhambi uliyoisahau imesamehewa pamoja na nyingine, utaitaja tu ungamo lijalo.

Nimeungama lakini bado najisikia mwenye hatia.

Msamaha hautegemei hisia. Hata hivyo, kama unaungama jambo lilelile tena na tena, au unarudia sala kwa kuhofia hukuitamka sawasawa, huenda una wasiwasi wa dhamiri. Huo ni mzigo, si utakatifu. Chagua padre mmoja, umtii anapokuambia "imekwisha", na wakati mwingine msaada wa mtaalamu wa afya ya akili unahitajika pia.

Kuna dhambi isiyosameheka?

Yesu aliitaja kufuru dhidi ya Roho Mtakatifu (Marko 3:29). Kanisa linaielewa kuwa ni kuukataa kwa makusudi msamaha wenyewe hadi mwisho. Wewe unayeuliza kwa hofu kama umeitenda, kuuliza kwako kunaonyesha bado unautaka msamaha.

Nilitoa mimba. Nafasi yangu ipo?

Ipo, dada yangu. Zamani ondoleo la dhambi hii sehemu nyingi lilimhitaji askofu au padre aliyeruhusiwa naye. Kwa barua ya tarehe 20 Novemba 2016, Papa Fransisko aliwapa mapadre wote mamlaka ya kuiondoa. Nenda kwa padre yeyote. Hayo yanamhusu pia mwanaume aliyeshinikiza, au aliyetoa fedha.

Siwezi kumsamehe aliyenitenda. Sala yangu ya msamaha inafika?

Kusamehe ni uamuzi kabla ya kuwa hisia. Ukiwa hutaki kabisa, unajifungia mwenyewe. Ukiwa unataka na hujaweza, anza kwa kumwombea kwa jina, hata kwa sentensi moja kavu. Kusamehe hakukulazimishi kurudi mahali unapoumizwa, wala hakuzuii haki kutafutwa.

Ndoa yetu haijabarikiwa, nimeambiwa siwezi kupewa ondoleo. Nisali nini?

Sali Zaburi ya 51, njoo Misa, fanya Sala ya Kutubu kila usiku. Hakuna aliyekufungia mlango wa sala. Kisha mwone padre ofisini, nje ya ungamo, mweleze yote. Hali hizi hazifanani, na nyingine hurekebishwa kwa wepesi kuliko watu wanavyodhani.

Naweza kuungama kwa simu?

Hapana. Sakramenti inataka muungamaji na padre wawepo mahali pamoja. Kwa simu unaweza kupata ushauri na kusali. Palipo hatari ya kifo na padre hafikiki, rudi kwenye swali la kwanza la "Sala na ungamo".

Mimi ni kiziwi, au sijui lugha ya padre.

Unaweza kuandika, kutumia ishara, au kupitia mkalimani ukitaka. Naye mkalimani anafungwa na siri ya ungamo.

Mgonjwa wetu hawezi tena kusema. Tufanye nini?

Mwiteni padre mara moja, msingoje azimie. Katika hatari ya kifo padre yeyote, hata asiye na ruhusa ya kuungamisha kwa kawaida, anaweza kumwondolea dhambi. Mpako wa Wagonjwa nao huondoa dhambi kwa mgonjwa asiyeweza kuungama, mradi ndani yake anajuta.

Wakati mnamngoja padre, mmoja wenu ainame karibu na sikio lake, amsalie Sala ya Kutubu polepole, kipande kwa kipande, akimpa nafasi ya kuifuata moyoni. Msidhani hasikii. Mshikeni mkono, mwambieni akubali kwa kuubana kama anaweza. Kisha rudieni jina la Yesu hadi padre afike.